Joto Ndilo Lililoniharibia: Kisa cha Picha 1,140 za Batamaji kwenye Ziwa Lililoganda

Nilirudi nyumbani na picha 1,140. Nilipomaliza kuzipitia nikabaki na 61 tu ambazo unyoya ulionekana kuwa unyoya na jicho likaonekana kuwa jicho. Zilizobaki zote zilikuwa butu. Haukuwa ubutu wa kuonekana papo hapo, kama wa picha iliyopigwa na mkono unaotetemeka. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilipendeza, ndiyo maana niliendelea kupiga kwa saa tatu bila wasiwasi. Ubutu wenyewe ulijitokeza nilipozikuza kwenye kompyuta: shingo ya batamaji, yule ndege mkubwa mweupe wa shingo ndefu, ina kingo mbili, mdomo umevimba upande mmoja, manyoya ya mgongo yamekuwa kama pamba iliyoloa.

Kila niliyemsimulia alinijibu kwa neno moja: baridi. Hata mimi niliamini hivyo mwanzoni. Ilinichukua wiki tatu na safari ya pili kutambua kwamba baridi haikuwa na kosa lolote. Kilichoniharibia ni joto, tena joto nililokwenda nalo mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hali ilikuwa hivi. Ziwa lilikuwa limeganda karibu lote, isipokuwa pale kijito kinapoingia, ambapo maji yanayotembea yalikuwa yameacha uwazi wa ukubwa wa viwanja viwili vya mpira. Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 14 chini ya sifuri, upepo hakuna. Kwenye uwazi ule na ukingoni mwa barafu niliwahesabu batamaji 43, wale wa mdomo wa njano wenye ncha nyeusi na shingo ya kunyooka, ambao kiangazi huzaa Iceland na kaskazini ya Ulaya na Asia, kisha huteremka kutafuta maji yasiyoganda. Wengi walikuwa bado wamelala, mdomo umezikwa kwenye manyoya ya mgongo. Lenzi yangu ni ya milimita 600, yaani ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali. Ilikuwa imelala ndani ya nyumba kwenye nyuzi 20, ikasafiri ndani ya gari lenye hita, na nilipoitoa kwenye begi ilikuwa na uvuguvugu wa mkate uliotoka kuokwa.

Kuanzia saa 1:40 hadi saa 2:20 nilipiga nikiwa ndani ya gari, lenzi imeegemezwa kwenye mto mdogo dirishani, injini inanguruma, hita inapuliza miguuni. Saa 2:25 nikatoka, nikashuka hadi ukingoni, nikalala kifudifudi nyuma ya matete, na kukaa hapo hadi saa 3:20. Nikarudi garini kupasha vidole na kubadilisha betri, nikapiga tena dirishani kwa nusu saa. Kuanzia saa 3:50 jua lilikuwa limepanda, nikasimama nje kando ya gari nikiwafuata batamaji waliokuwa wamesogea ng'ambo, mita 150 hivi. Saa 4:30 nikafunga.

Nimezitaja saa hizi kwa makusudi, kwa sababu ndizo zilizokuja kufumbua kisa. Lakini mwanzoni sikuzitazama kabisa. Nilitazama lenzi.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, lakini nilikuwa nimepiga kwa 1/2000 ya sekunde, na ndege aliyelala hahitaji hata robo ya kasi hiyo. Tena ubutu wa mtikisiko una mwelekeo: nukta inakuwa mstari, na mistari yote inalala upande mmoja. Hapa haikuwa hivyo. Shaka ya pili ilikuwa fokasi. Fokasi ikikosea, picha bado ina mahali pakali, ila si pale ulipotaka. Ndege atakuwa butu, lakini barafu iliyo mbele yake au nyuma yake itakuwa imechongeka. Nilizikagua picha moja baada ya nyingine nikitafuta hata kipande cha barafu kilicho kikali. Sikukipata. Katika mfululizo wa picha kumi za ndege yuleyule asiyejongea, kila picha ilikuwa butu kwa namna yake: hii jicho limenusurika na kifua kimeyeyuka, ile kifua kiko sawa na jicho limegawanyika mara mbili. Ilikuwa kama kutazama jiwe chini ya maji yanayotembea.

Mfano huo ulinijia siku ileile, na ulikuwa jibu, lakini sikuusikiliza. Nilifunga lenzi nikampelekea fundi.

Alikaa nayo siku mbili. Aliponipigia simu hakuniambia habari ya lenzi, aliniuliza swali. "Ndugu yangu, hii lenzi ni nzima. Ulipopiga ulikuwa umekaa wapi?" Nikamwambia: garini. "Na hita ilikuwa inawaka?" Nikamwambia: kulikuwa na nyuzi 14 chini ya sifuri, ingezimwaje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nenda kazipange picha zako kwa saa, si kwa uzuri."

Nilizipanga kwa saa, na kisa kikafunguka. Zile 61 hazikuwa zimetawanyika katika asubuhi nzima. Zote, bila kubakiza hata moja, zilikuwa za kati ya saa 2:50 na saa 3:20, nikiwa nimelala ukingoni. Kabla ya hapo hakuna hata moja. Baada ya hapo hakuna hata moja. Na lililonigusa zaidi ni zile za kati ya saa 2:35 na saa 2:50: nilikuwa tayari nje, nimelala palepale, ndege walewale, umbali uleule wa mita 30 hivi, lakini picha za mwanzo zilikuwa butu, zilizofuata zikawa na nafuu, na kadiri dakika zilivyosonga ndivyo zilivyozidi kunoleka, hadi ya saa 2:50 ambapo unaweza kuhesabu chembe za barafu kandokando ya jicho la ndege. Hakuna kilichobadilika pale isipokuwa lenzi. Ilikuwa inapoa.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na mwanga unapotoka kwenye moja kuingia nyingine hupinda. Ndiyo yale mawimbi tunayoyaona juu ya lami wakati wa jua kali. Wengi tunadhani mawimbi hayo ni mali ya joto kali, lakini kinachoyaumba ni tofauti ya joto kati ya hewa na hewa. Hewa ya nyuzi 20 ikikutana na ya nyuzi 14 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 34, na machafuko yake yanatosha kuharibu kila kitu hata kama jicho halioni lolote. Lenzi ndefu inaona sehemu ndogo sana ya dunia, pembe ya nyuzi nne hivi kutoka kona hadi kona ya picha, na inaikuza sehemu hiyo. Ikikuza ndege, inakuza na kila kipindo cha mwanga kilichopo njiani.

Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na machafuko ya namna tatu, kila moja na chanzo chake.

La kwanza lilikuwa ndani ya lenzi yenyewe, au tuseme mdomoni mwake. Lile bomba la mbele linalozuia mwanga wa pembeni, ambalo nitaliita kikinga, ni kifaa kizuri, lakini kioo cha mbele kikiwa cha moto hewa iliyomo ndani ya bomba hupashwa, hupanda, hutoka, na baridi huingia kuchukua nafasi yake. Nilikuwa nimebeba chungu kidogo kinachochemka mbele ya kioo. Lenzi kubwa ina vioo vingi na chuma kingi. Haipoi kwa dakika tano. Yangu ilikaa zaidi ya saa moja tangu ilipopata baridi hadi ilipotulia, na hata hapo nusu yake ya nyuma ilikuwa imekaa ndani ya gari sehemu kubwa ya muda huo.

La pili lilikuwa dirisha. Gari lenye hita na dirisha lililo wazi ni jiko lenye dohani. Joto linatoka kwa juu, baridi inaingia kwa chini, na lenzi imewekwa katikati ya ugomvi huo. Hili ndilo lililoharibu nusu saa ya baada ya saa 3:20, wakati lenzi ilikuwa imeshapoa vizuri. Niliirudisha motoni kwa mikono yangu.

La tatu halikuwa langu, lilikuwa la ziwa. Maji yasiyoganda, hata yakiwa kwenye nyuzi moja tu juu ya sifuri, ni ya moto sana ukiyalinganisha na hewa ya nyuzi 14 chini ya sifuri. Ndiyo maana asubuhi kama ile maji hutoa moshi. Ule moshi ni mvuke unaopoa na kuwa matone madogo, na unapendeza sana pichani ukipata mwanga nyuma yake. Lakini palipo na moshi huo pana hewa inayopanda na kushuka, na kadiri ndege anavyokuwa mbali ndivyo mwanga wake unavyopita katika machafuko mengi zaidi kabla ya kukufikia. Kwa mita 30 haikunisumbua. Kwa mita 150, jua likiwa limeshaanza kupasha matete na ukingo wa udongo, hakuna kilichosalimika. Hapo hakuna lenzi ya bei yoyote wala kizuia mtikisiko kitakachosaidia, kwa sababu kilichotikisika si kamera, ni hewa.

Nilirudi baada ya wiki tatu kujaribu hayo, safari hii sikuanza na ndege. Kulikuwa na nguzo ya mbao iliyosimama kwenye barafu, ina misumari na nyufa, kitu kizuri cha kupimia. Lenzi ilikuwa imelala usiku kucha ndani ya begi kwenye buti la gari. Nilizima injini, nikafungua madirisha yote, nikangoja hadi pumzi yangu ikatoa moshi ndani kama inavyotoa nje. Kisha nikaipiga nguzo: misumari yote inasomeka. Nikawasha hita kwa dakika kumi, dirisha moja wazi, nikapiga tena: misumari imeyeyuka. Nikazima, nikangoja, ikarudi. Nikarudia mara ya tatu ili nisijidanganye. Kuvua kikinga kulisaidia pale lenzi ilipokuwa bado na joto. Ilipopoa, kuwa nacho au kutokuwa nacho hakukuleta tofauti. Haya yote yalichukua muda mfupi kuliko safari ya kwenda kwa fundi.

Joto lina mahali pake pa halali pia, nalo ni betri. Asubuhi ya kwanza kamera ilinionya kwamba betri imekwisha ilipofika saa 3:15, nami nilijua niliichaji ikajaa. Betri ya lithiamu haipotezi umeme kwa sababu ya baridi. Kemia yake ndani hupungua mwendo, ikashindwa kutoa nguvu kwa kasi inayotakiwa, na kamera ikaisoma kuwa tupu. Ile niliyoitoa nikaiweka mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili, na baada ya saa moja ilifanya kazi tena kwa muda mrefu. Kwa hiyo betri zikae mwilini, mbili au tatu, zikipokezana. Ila usiichaji betri iliyo chini ya sifuri. Iache ifikie joto la chumbani kwanza, kwani kuichaji ikiwa imeganda huidhuru kabisa kwa ndani.

Kamera yenyewe, kinyume chake, isikae chini ya koti. Mwili unatoa unyevu, na unyevu ukikuta kioo baridi hugeuka matone, matone yakitoka nje hugeuka barafu. Hata pumzi. Herbert Ponting, mpiga picha wa msafara wa Kapteni Scott wa Antaktika ulioanza mwaka 1910, alisimulia jinsi ulimi wake ulivyoganda ghafla kwenye chuma cha kamera alipokuwa akilowanisha midomo huku akiweka fokasi. Kwenye nyuzi 14 sikufikia huko, lakini kioo changu cha kutazamia kiliganda mara nne kwa sababu nilipumulia puani moja kwa moja juu yake. Nilijifunza kutoa pumzi kwa pembe ya mdomo, kuelekea chini.

Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi, maana limeandikwa sana. Kamera huichukulia theluji kama kitu cha kijivu na kuifanya kijivu kweli, kwa hiyo mwanga wa picha huongezwa kati ya hatua moja na moja na nusu, hatua moja ikiwa ni mwanga maradufu. Kwa batamaji aliye juani niliongeza chini ya hapo, kwa sababu manyoya meupe yakishaungua kwa mwanga pichani hayarudi. Na kivuli juu ya theluji ni cha buluu kwa sababu kinaangazwa na anga tupu. Sikukiondoa. Ndivyo kilivyo.

Lipo jambo jingine lililoonekana nilipozipanga picha kwa saa, na hili lilinikaa moyoni kuliko lenzi.

Picha za saa 2:25 hadi 2:33, nilipokuwa nashuka kuelekea ukingoni, ni butu zote, lakini zinasomeka. Katika ya kwanza shingo sita zimeinuka. Katika ya tano zimeinuka zote. Kisha inafuata safu ya picha ambazo vichwa viko juu katika hii, chini katika ile, juu tena: wanavitikisa vichwa. Batamaji hawa hufanya hivyo, wakiitana, kabla ya kuruka. Ni kuulizana na kukubaliana. Nilikuwepo, niliwasikia, na nikadhani ni shangwe ya asubuhi. Picha ya 431 inaonyesha maji yanaruka. Batamaji kumi na mmoja waliondoka.

Ndege huyu ana kilo nane, tisa, kumi, na wengine zaidi. Hawezi kuinuka tu kama njiwa. Hukimbia juu ya maji mita nyingi huku akipiga mabawa kwa nguvu zake zote, na uwazi ule ulikuwa mdogo. Alikuwa amelala kwa hesabu. Mwili wake una joto la nyuzi 40 hivi, na hewa inayomzunguka ni ya nyuzi 14 chini ya sifuri. Katikati kuna hewa tu iliyofungwa kwenye manyoya. Mdomo, ambao hauna manyoya, ameuficha. Miguu anaiacha ipoe hadi karibu na sifuri, kwa sababu mishipa inayopeleka damu miguuni imepakana na inayoirudisha, na damu inayoshuka humpa joto lake ile inayopanda kabla halijapotea. Kila kitu kwake kimepangwa ili joto lisitoke. Mchana ni mfupi, chakula kiko chini ya barafu, usiku ni saa kumi na tano au zaidi. Na ndege wadogo wana hali ngumu zaidi: wapo wanaoweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao kwa usiku mmoja wa baridi, kisha wanapaswa kuirudisha kabla ya giza lijalo. Kumwinua ndege asubuhi ya namna hiyo ni kumnyang'anya akiba aliyoilinda usiku kucha. Mimi niliwainua kumi na mmoja, kwa picha ambazo hazikufaa.

Zile 61 zilizofaa zilipigwa baada ya dakika kumi na tano za kulala bila kujongea, nikisubiri wasahau kwamba nipo. Wakati uleule lenzi ilikuwa inapoa. Sikuwa nimelipanga hili, lakini subira waliyoihitaji ndege na subira iliyohitajiwa na kioo zilikuwa za urefu uleule.

Kwa hiyo katika safari ya pili, kesho yake baada ya kumaliza na nguzo, niliingia kwa namna nyingine. Nilifika giza bado halijapambazuka, nikatembea kwa kuinama hadi kwenye matete, nikalala juu ya godoro dogo la sponji kabla ndege hawajaanza kutoa midomo kwenye manyoya. Sikukanyaga barafu, karibu na kijito barafu ni nyembamba hata pale inapoonekana nene. Glavu nyembamba ndani, za mifuko nje. Nilipouona mwanga wa kwanza walikuwa 38, na hakuna shingo hata moja iliyokuwa imenyooka. Picha ya saa 1:58 ni ya mmoja wao amelala kwenye ukingo wa barafu, moshi wa maji unapita nyuma yake, jicho moja liko wazi na limezungukwa na chembe za barafu. Jicho lile linanitazama, na shingo haijainuka.

Niliporudi nilitoa kadi na betri nikiwa bado nje, nikaifunga kamera na lenzi ndani ya begi, zipu hadi mwisho, na kuliacha begi kwenye chumba kisicho na moto kwa saa tatu. Hewa ya ndani ya nyumba ina unyevu mwingi, na ingekikuta kioo cha chini ya sifuri ingekilowesha mara moja, nje na pengine hata ndani ambako kitambaa hakifiki. Nilipofungua, kioo kilikuwa kikavu.

Linabaki lile la tatu, la ziwa. Saa tatu na nusu siku ile jua lilikuwa limepanda, batamaji wamesogea ng'ambo, mita 150, na niliona kwenye kioo cha kutazamia kwamba shingo zao zimeanza kucheza kama mwali wa mshumaa. Kuna tiba moja tu ya umbali, nayo ni kukaribia, na kukaribia kungelipwa na wao. Nikaiweka kamera kwenye begi, nikatoa darubini, nikaendelea kuwatazama hadi walipoanza kula.